Ukurasa wa Kisima cha Tatu

3 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Ningekupigia simu, lakini najua pampu zilishayamaliza masikio yako, na mara ya mwisho nilikuuliza habari za mgongo ukanijibu habari za mvua. Basi turudi kwenye karatasi.

Huku hatujambo. Mama anakusalimu. Mguu wake umepungua uvimbe, mdomo wake haujapungua kitu. Anauliza mbona huji kututembelea, mwaka wa ngapi huu, na mimi namwambia amuulize shemeji yake mwenyewe.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi kwenye mitambo ya maji. Ndiyo, pale pale mlipofanya kazi wewe na marehemu baba. Mama alininunia siku tatu, ya nne akanipigia pasi sare. Kila asubuhi ananisindikiza mlangoni kwa maneno yale yale: "Usiwe na haraka kama baba yako." Nami kila asubuhi najiuliza, mtu ambaye kituo kizima kilimwita Taratibu alipataje kuuawa na haraka? Mama swali hilo halipendi. Wewe hujawahi kulijibu.

Sasa shida yangu. Kompyuta za chumba cha mitambo ni zile zile zenu, zimebadilishwa mwili tu. Kila kitu tunakiandikia ndani ya kile kihariri cha maandishi, ile programu yenu ya kuandikia: kumbukumbu za zamu, amri za pampu, yote. Mtu akisahau jambo, anabonyeza vitufe viwili, anaandika jina la kifaa, na ukurasa wa mwongozo unafunguka pembeni ya anachokiandika. Nimeupenda sana utaratibu huo. Lakini kwangu unafanya kazi nusu. Nikiandika "feni", inafunguka. Nikiandika "kisima-3", naambiwa hakuna ukurasa wa jina hilo. Mkuu wa zamu anasema mipangilio yote uliiandika wewe na hakuna aliyethubutu kuigusa tangu ustaafu. Wanaliogopa faili lako kama waya ulio wazi.

Naomba unieleze kurasa zinatafutwa wapi. Juni tunaosha kisima cha tatu, na atakayeshuka ni mimi, kwa sababu wengine wote wana vitambi. Nataka nisome kwanza.

Mwanao.

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na kona moja imeloa, lakini maneno yote yamo. Mimi ni mzima, ukiacha sehemu zisizo nzima. Jirani yangu fundi cherehani amenunua redio kubwa, na kila jioni anakuja kuniomba radhi kwa kelele. Napokea radhi, nampa kiti. Redio yenyewe sijawahi kuisikia. Mwambie mama yako nimefurahi kuhusu mguu.

Kuhusu mwongozo, sikiliza vizuri. Kisomaji cha kurasa, hicho kinachokufungulia mwongozo, si kitu chenye akili. Hakitafuti kompyuta nzima. Kinashika orodha ya folda uliyokipa, kinaanza ya kwanza, kinakwenda ya pili, hivyo hivyo. Kikiukuta ukurasa kinakufungulia huo huo na hakisogei tena. Hata kama folda ya tano ina ukurasa ulio bora mara kumi, hakina habari nao.

Fungua faili la mipangilio ya kihariri. Utaona mstari unaoanza na neno "njia". Hapo ndipo folda zinapoorodheshwa, na kati ya folda na folda kuna nuktapacha. Kila mtu ana mstari wake, kwa jina analoingilia. Ukibadilisha wako, wa mwenzio haubadiliki. Ongeza folda ya pamoja ya kituo na uiweke mbele kabisa. Kisha ufute kumbukumbu ya majina, kwa sababu kihariri hukariri orodha ya kurasa siku ya kwanza, na baada ya hapo hakijisumbui kuangalia tena.

Jambo moja. Usiache nuktapacha mbili zimefuatana bila kitu katikati. Wewe utaona pengo. Kompyuta inaliona pengo lile kama ruhusa, inaweka hapo orodha yake yenyewe, na hutajua ukurasa umetoka wapi.

Kisima waambie watafute mtu mwingine. Vitambi vinapungua.

Baba yako alikuwa mtu mzuri. Huku mvua imekatika.

Baba mdogo, Spana.

2 Mei

Baba mdogo,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mama amepaka rangi ukuta wa jikoni kwa mguu huo huo mmoja, na sasa analalamika mgongo. Amesema nikuambie kiti chako cha zamani bado kipo na hakuna anayekikalia.

Nilifanya kama ulivyosema, na mwanzoni nilitaka kukurukia nikubusu shavu. Nimeiweka folda ya pamoja mbele, nikafuta kumbukumbu, nikaandika "kisima-3", ukafunguka. Washa feni, subiri dakika arobaini, pima hewa, shuka. Safi.

Baada ya siku tano nikaufungua tena ili niunakili, na haukuwa ule. Ulikuwa mfupi. Herufi zake ni zile za zamani, na chini ya MAELEZO pana mistari mitatu tu: Washa feni. Subiri dakika kumi. Shuka.

Nikadhani nimekosea jina. Nikafunga, nikaandika upya. Kumi. Nikaenda kwenye mstari wa njia, na mbele ya folda niliyoiweka kulikuwa na nuktapacha mbili zimefuatana, katikati hamna kitu. Sikuziandika mimi, baba mdogo. Nikafuta moja, nikahifadhi. Asubuhi yake zilikuwa zimerudi.

Unajua kisomaji ukikiuliza ukurasa umetoka folda gani, kinaandika chini ya skrini. Nilikiuliza. Kikaandika mstari mtupu.

Lakini kinachonikosesha raha ni sehemu ya chini, pale kwenye KASORO, ambapo huwa mnaandika matatizo yanayojulikana. Kurasa nyingine zimeandikwa "hakuna". Huu umeandikwa: "Sikuambiwa. Nimesubiri dakika 9,926,220." Hiyo ilikuwa tarehe 28 Aprili, saa tisa alasiri, nilinakili kwenye daftari. Nikatazama dirishani kidogo, niliporudisha macho namba ilikuwa inaishia na 221.

Nilimwita mkuu wa zamu. Kwenye kompyuta yake ukurasa unasema arobaini. Akaja kwenye yangu, akainama, akasoma mpaka chini. Alisema tu ana kazi, na tangu siku hiyo hapiti upande wangu wa chumba, anazungukia kwenye makabati.

Huu ni mchezo wako wa zamani uliouficha humo ndani? Kama ni utani, umenipata. Niambie tu nicheke.

Mwanao.

13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma.

Usishuke. Usifuate ukurasa ule kwa lolote. Dakika ni arobaini, na kama huna kipima hewa mkononi hata arobaini usiziamini. Ukurasa wa dakika kumi haupo. Niliufuta kwa mkono wangu, na nakala yake niliifuta pia. Haupo popote.

Sijafanya utani wowote. Omba kompyuta nyingine. Omba ukae upande mwingine wa chumba. Kama hawataki, acha kazi, nitakutumia nauli uje huku.

Msalimie shemeji. Usimweleze habari hizi.

Spana.

24 Mei

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama hajambo, mgongo umepona. Za nyumbani leo naziishia hapo.

Unasema haupo, halafu unasema uliufuta. Kitu ambacho hakikuwepo mtu hakifuti. Tangu barua ya kwanza nakuuliza habari za baba, na umenijibu mvua, redio na vitambi. Nimechoka kuchezewa kama mtoto.

Ile hesabu niliigawa. Dakika 9,926,220 ni siku elfu sita mia nane tisini na tatu, na saa tano juu yake. Nikachukua kalenda nikarudi nyuma siku moja moja, nikipiga alama kwa penseli, maana sikutaka kuamini mashine. Nikafika 14 Juni, saa nne asubuhi. Nadhani huhitaji nikwambie ni siku gani ile.

Nikatoka nikaenda kukaa masjala, kwa yule mama karani mwenye miwani ya kamba. Nikamwomba faili la ajali ya baba. Akaninong'oneza, "Wewe ndiye binti yake? Hatukuamini, sisi. Yule mtu alikuwa anasoma maelekezo ya kufungua kopo la maziwa." Akanipa.

Ndani ya faili kuna ukurasa wa mwongozo uliochapishwa, ule wa dakika arobaini. Kamati iliandika kwamba mwongozo ulikuwa wazi na marehemu alishuka kabla ya wakati kwa haraka yake mwenyewe. Kumbe ndilo neno ambalo mama amelibeba miaka yote hii. Halafu nikaangalia chini kabisa ya karatasi, pale printa inapoandika ukurasa umetoka wapi. Si folda ya pamoja. Ni folda inayoitwa "spana".

Ulinifundisha mwenyewe kwamba kila mtu ana mstari wake.

Nijibu jambo moja tu. Siku ile, kwenye skrini ya baba, ulifunguka ukurasa upi?

Mwanao.

8 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Wiki mbili sasa kimya. Labda posta, labda wewe.

Uongozi umepanga tarehe ya kuosha kisima. Ni 14 Juni, saa nne asubuhi. Nimeuliza nani kaichagua, wameniambia imetoka tu kwenye ratiba. Sikuacha kazi na sitaiacha. Nitashuka, ila sitaki nishuke bila kujua.

Ukurasa unaendelea kuhesabu. Sasa kila ninapoingia asubuhi naukuta umeshafunguka.

Mwanao.

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba, kama bado utakuwa unaniamkia ukimaliza kusoma hii. Barua yako ilinikuta jana. Fundi cherehani alikuja jioni kuomba radhi kama kawaida, nikamfukuza. Kesho itakuwa zamu yangu kumwomba yeye.

Ulifunguka wa dakika kumi.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Mwongozo wa kituo tangu zamani ulisema kumi. Miezi miwili kabla ya ajali nilishuka kisima cha tatu, nikangoja kumi, nikatoka kichwa kinataka kupasuka na taa moja naiona mbili. Nikaazima kipima hewa, nikapima siku nne mfululizo. Hewa mbaya ilikuwa haiishi kabla ya arobaini. Nikaandika ukurasa mpya, nikauhifadhi kwenye folda yangu, nikaiweka folda hiyo mbele kwenye mstari wangu. Nikaufungua. Arobaini ile pale, naisoma kwa macho yangu. Nikamwambia mkuu, "Mwongozo nimesharekebisha," na niliamini hivyo kabisa. Kumbe nilikuwa nimerekebisha skrini yangu peke yangu. Baba yako alikuwa anaingia kwa jina lake, na mstari wake haukuwa na folda ya Spana.

Utauliza mbona sikumwambia kwa mdomo, meza zetu zilikuwa zinagusana. Tulikuwa tumenuniana. Alichukua ngazi yangu bila kuniuliza akairudisha ina matone ya rangi nyeupe. Ngazi, mwanangu. Wiki mbili hatusemeshani kwa sababu ya ngazi. Nikasema moyoni, yeye si anajifanya msomaji, basi atasoma.

Naye alisoma. Yule hakushika hata bisibisi bila kusoma. Ukurasa ulimwambia kumi akangoja kumi, na kwa ninavyomjua aliongeza moja ya tahadhari.

Mimi ndiye niliyeshuka kumtoa. Wanasema nilipandishwa kwa kamba, nimezimia, nikalazwa kwenye nyasi. Wanasema hivyo. Kushuka nakumbuka vizuri, kila kidato. Kupanda sikumbuki mpaka leo.

Kamati iliponiuliza mwongozo unasemaje, nilibonyeza nikawachapishia. Saa ile sikuwa nadanganya, nilitoa nilichokuwa nakiona. Jioni nikaingia kwa jina la kaka yangu, nikafungua ukurasa, nikaona kumi. Nilikaa pale mpaka mtu wa usafi akaniomba nipishe kiti. Kisha nikaufuta ule wa zamani, nikauhamisha wangu kwenye folda ya pamoja, nikafuta na jina lake kwenye kompyuta. Shemeji aliponiuliza kama ni kweli alikuwa na haraka, nikasema ndiyo.

Ndiyo maana siji. Nitawezaje kukaa kwenye kiti kile?

Msomee barua hii. Usipunguze kitu.

Baba yako mdogo.

17 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 6 ilipishana njiani na yangu ya tarehe 8, ikafika tarehe 13 mchana, siku moja kabla ya kushuka. Nilimsomea mama mezani, neno kwa neno. Akaniambia nirudie ile sehemu ya ngazi. Nikarudia. Akacheka, kweli, akasema, "Hayo matone ya rangi ni ya dirisha langu la chumbani." Kisha akalia, na sijawahi kumwona akilia vile. Alikuwa anasema, "Miaka kumi na tisa namgombeza mtu aliyefanya alichoambiwa."

Asubuhi ya 14 hakunisindikiza mlangoni. Alivaa viatu tukaenda wote. Mkuu wa zamu alimwekea kiti cha plastiki karibu na mdomo wa kisima. Feni ikawashwa, na tukangoja dakika arobaini, sisi sote, mama ameshika saa yake ya mkononi na hataki mtu aongee. Kipimo kikasoma salama. Nikashuka, nikaosha, nikapanda. Chini kulikuwa na tope na baridi tu.

Tulipoingia ofisini ukurasa ulikuwa umefunguka. Namba zilikuwa zimesimama. Nilitazama dakika tano nzima, hazikusogea. Mama hana miwani ya karibu, nikamsomea: Sikuambiwa. Akaweka mkono juu ya skrini, akasema polepole, "Sasa tumejua, Taratibu. Nisamehe." Mkuu wa zamu alikuwa amesimama pale pale na sisi, na hakuondoka.

Kuhusu wewe, nina hasira na haijaisha, usijidanganye. Kosa la folda ningekusamehe siku hiyo hiyo, maana hata mimi ningelifanya. Lakini ulimwachia baba jina lisilo lake, na mama akalala nalo miaka yote. Nimewaandikia uongozi na kuambatisha nakala ya barua yako, wafute neno haraka kwenye lile faili. Yule mama karani amelipeleka mwenyewe kwa mkono. Wakikuita kujibu, utakuja na utajibu.

Nilidhani nitaishia hapo. Nilikuwa nimeshaikunja barua juzi jioni. Sasa nimeikunjua.

Jana niliufuta ule mstari wa njia wote, nikauandika upya kwa mkono, folda moja moja, bila pengo lolote. Nikafuta kumbukumbu. Nikafungua "kisima-3" na nikapata wa arobaini, kama inavyotakiwa. Leo asubuhi nimeingia kazini, nuktapacha mbili zimerudi, na ukurasa wa zamani uko wazi. Dakika hazipo tena. Zile amri tatu hazipo. Neno "sikuambiwa" halipo. Nimekiuliza kisomaji ukurasa umetoka wapi, kikaandika mstari mtupu. Chini ya KASORO pamebaki maneno haya tu, nayanakili kama yalivyo:

"Mdogo wangu bado yuko chini. Mwiteni apande."

Nimempigia mama simu nikamsomea. Akasema, "Basi mwite."

Baba mdogo, nakuita.

Mwanao.